Bolti iliyogoma kwenye injini: joto kwanza, nguvu baadaye

Bolti ya milimita 8 iliyoshika kutu, ikifunguliwa kwa utaratibu, huchukua nusu saa. Ikikatikia ndani, kazi hiyohiyo hula siku nzima. Na drili ikienda mshazari juu ya kipande kilichobaki, hapo unashusha silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, na kuipeleka kwa mkerezaji. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kuizuia bolti isikatike.

Jua kwanza kilichoishika

Chuma kilichofungwa ndani ya chuma, kama bolti za manifoldi ya eksozi kwenye hedi ya chuma cha kusubu, hushikwa na kutu ya kawaida. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inajaa katikati ya tredi, yaani nyuzi za skrubu za bolti na tundu lake, na kubana kama kabari. Hapa mafuta ya kulegeza kutu husaidia, na joto husaidia zaidi.

Chuma ndani ya alumini ni ugonjwa mwingine. Bolti za nyumba ya thamostati, pampu ya maji na mabomba ya maji kwenye hedi ya alumini hazishikwi na kutu nyekundu bali na unga mweupe. Metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji hufanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Injini iliyokuwa ikitiwa maji ya bomba miaka yote badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, ndiyo yenye bolti mbaya kuliko zote, hata kama kwa nje inang'aa. Unga huo mweupe haulainishwi na mafuta kirahisi; dawa yake hasa ni joto.

Magari yanayolala karibu na bahari, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, huwa na hali hizi mbili kwa pamoja. Vivyo hivyo gari lililotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Ukiona kutu nzito chini ya gari, chukulia kwamba kila bolti ya eksozi itagoma, upange muda wako mapema.

Aina ya tatu ni bolti iliyokazwa kupita kiasi au iliyopakwa gundi ya tredi. Gundi nyekundu huachia ikifika takriban nyuzijoto 250, kwa hiyo ipashe bolti yenyewe kichwani, usiipashe alumini inayoizunguka.

Spana sahihi, na ikae mpaka chini

Kona za bolti nyingi huliwa na spana, si na kutu. Tumia soketi yenye pembe 6. Ile ya pembe 12 hushika ncha za kona tu, na bolti ikigoma huziparua. Spana ya mdomo wazi haina kazi kwenye bolti iliyogoma. Safisha kichwa kwa brashi ya waya mpaka soketi ishuke yote, kisha igonge kwa nyundo mara mbili tatu ikiwa imekaa. Kugonga huko kunaikalisha soketi vizuri na papo hapo kunaitikisa kutu.

Angalia saizi kwa makini: M na namba yake ni unene wa bolti kwa milimita, na namba ya kichwa ni saizi ya spana yake. Kwenye magari ya Kijapani, bolti ya M6 kwa kawaida huwa na kichwa cha 10, M8 kichwa cha 12, na M10 kichwa cha 14. Magari ya Ulaya M8 huwa na kichwa cha 13, na M10 cha 16 au 17. Kama mtu aliyetangulia alibadilisha bolti moja, utakuta 13 katikati ya 12, na soketi ya 13 kwenye kichwa cha 12 huingia kirahisi na kukiharibu kirahisi vilevile.

Kuifungua bila kuikata

Anza jana, kama inawezekana. Piga brashi, paka mafuta ya kulegeza kutu, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ya wastani mapigo kumi hivi ya moja kwa moja, halafu iache. Rudia jioni, rudia asubuhi. Mafuta hujipenyeza polepole sana kwenye nafasi nyembamba, na mapigo ndiyo yanayoyafungulia njia. Kupaka na kufungua baada ya dakika tano ni kupoteza mafuta.

Kisha joto. Zipo njia mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kupasha kinachoizunguka bolti. Inafaa sana kwenye alumini, kwa sababu alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma kwa joto lilelile: tundu linapanuka kuliko bolti. Pasha sikio la alumini kwa tochi ndogo ya gesi, ukiuzungusha moto bila kusimama mahali pamoja, dakika 2 hadi 3. Tone la maji likiruka na kuchemka papo hapo, inatosha; unatafuta nyuzijoto 150 mpaka 200. Usisubiri alumini iwe nyekundu, kwani haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Inaonekana vilevile, halafu ghafla inalegea na kudondoka. Fungua ikiwa bado ya moto.

Ya pili ni kupasha bolti yenyewe, na hii ni ya chuma ndani ya chuma. Bolti ikipata moto hutanuka na kuiponda kutu iliyoizunguka. Ikipoa hunywea na kuacha mwanya mwembamba. Hapa usifungue ikiwa nyekundu, maana chuma chekundu ni laini na kitakatika. Subiri wekundu uishe kabisa, na ikiwa bado ya moto wa kuyeyusha nta, gusisha mshumaa pale bolti inapoingia. Nta inayeyuka na kunywewa ndani ya tredi. Mshumaa wa dukani unafanya kazi hii vizuri kuliko makopo mengi ya bei ghali. Rudia pasha, poza, nta, mara tatu kabla ya kukata tamaa.

Usimwagie maji bloku au hedi ya chuma cha kusubu iliyo ya moto. Inapasuka.

Tahadhari za moto zisirukwe. Pangusa mafuta ya kulegeza kutu kabla ya kuwasha tochi. Ondoa au funika mabomba ya petroli, nyaya na mipira iliyo karibu, uwe na kizima moto au ndoo ya mchanga pembeni. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini isiguswe na moto wala kuchomelewa kabisa: moshi wake hutoa fosjini, gesi yenye sumu inayoua. Kama ulisafisha kwa dawa hiyo, acha ikauke kabisa kisha osha kwa sabuni na maji kabla ya kupasha.

Sasa mkono. Anza kwa kuikaza kidogo sana, kama unaiaga tu, kisha ifungue. Kuipeleka mbele kidogo huvunja kutu upande ambao haujabanwa. Ukisikia "tak" kali, imeachia. Usifurahi ukaizungusha yote kwa mkupuo. Fungua robo mzunguko, rudisha nusu ya hapo, ongeza mafuta, fungua tena. Unga wa kutu unaobaki kwenye tredi hujikusanya mbele ya bolti na kuishika upya, na bolti nyingi hukatika baada ya kuwa zimeshaachia, kwa haraka tu.

Dalili ya kuijua kwa mkono ni hii: kichwa kinazunguka lakini kwa ulaini, kama unakunja mpira, bila mlio. Hiyo bolti haifunguki, inajisokota shingoni. Simama hapohapo. Irudishe kama ilivyokuwa, urudie joto. Bomba refu la kuongezea mpini wa spana linakuficha dalili hii, ndiyo sababu halifai kwa M6 na M8. Mashine ya impakti, ile inayofungua kwa mapigo ya mzunguko, ni bora kuliko bomba, ukiiweka nguvu ya chini na kuipeleka mbele na nyuma kwa zamu. Mapigo madogo mengi huvunja kutu bila kuisokota shingo ya bolti.

Kichwa kimeliwa kona

Chukua soketi ndogo kidogo na uipigilie kwa nyundo. Soketi za inchi zina faida hapa kwa sababu zinaangukia katikati ya saizi za milimita. Kichwa cha 10 kilicholiwa: jaribu inchi 3/8, yaani milimita 9.5. Cha 12: soketi ya 11 au inchi 7/16, milimita 11.1. Cha 14: soketi ya 13, au inchi 1/2 ambayo ni milimita 12.7 kama kimeliwa zaidi. Tumia soketi za bei rahisi zenye ukuta mnene, maana kuitoa bolti humo baadaye ni kugonga. Zipo pia soketi maalumu zenye meno ya mzunguko ndani. Seti moja inafaa kuwa nayo gereji yoyote.

Bolti yenye tundu la pembe sita, ile ya kufunguliwa kwa eleni, ikiliwa ndani pigilia biti ya nyota: tundu la 5 kwa T30, la 6 kwa T40, la 8 kwa T50. Kabla ya kupigilia, chokonoa uchafu uliojaa chini ya tundu, la sivyo biti itakaa juujuu na kuharibu kilichobaki.

Vaisi-gripu, koleo linalojifunga lenyewe, hutumika kama kichwa kimejitokeza na kuna nafasi ya kuishika barabara. Kaza skrubu yake mpaka kuifunga kuhitaji mikono miwili. Ikiteleza mara moja, acha, maana kila kuteleza kunakifanya kichwa kiwe duara zaidi.

Vyote vikishindwa, toboa kichwa kiondoke. Kwa M8 piga panchi, chuma chenye ncha cha kutia alama, katikati kabisa, anza na biti ya drili ya milimita 4, kisha 8.5, mpaka kichwa kitoke kama pete. Ukishaondoa kile kilichofungwa nayo, unabaki na kipande cha bolti kilichosimama nje, tena bila mvutano wowote uliokuwa ukikibana. Mara nyingi sana kipande hicho hutoka kwa vaisi-gripu baada ya joto moja tu. Njia hii inaogopwa bila sababu; ni salama kuliko kuendelea kupambana na kichwa kilichokwisha.

Imekatikia ndani

Kitu cha kwanza ambacho wengi hukimbilia ni kile kifaa cha kutolea bolti, kama skrubu iliyogeuzwa, unachokipigilia kwenye tundu ulilotoboa. Kwa bolti iliyokatika kwa sababu ya kutu, hicho ni kifaa kibaya. Fikiria: bolti nzima ya milimita 8 imeshindwa na ile kutu mpaka ikakatika. Kifaa chenye unene wa milimita 4 au 5 kitaishinda kwa nguvu gani? Zaidi ya hapo, kinapopigiliwa kinaitanua bolti na kuibana zaidi ukutani. Kikikatikia humo, umeongeza chuma kigumu ambacho biti ya kawaida haikwangui. Itabidi biti ya kabaidi au mkerezaji. Kifaa hicho kina mahali pake: bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi, yenye tredi safi, ambayo kipande chake ungeweza kukisogeza hata kwa ncha ya panchi.

Njia inayoshinda ni kuchomelea nati. Chomoa kwanza nyaya za betri, hasi ikianza, na plagi ya kompyuta ya gari kama inafikika. Bana waya wa ardhi wa mashine karibu kabisa na bolti, isiwe kwenye bodi upande wa pili. Kwa M8 iliyokatika sawa na uso, chukua nati ya M10: tundu lake pana linakuruhusu kuuona mzizi. Nati iliyopakwa zinki isuguliwe kwanza, moshi wake ni mbaya kifuani. Anza kuchomelea katikati ya kipande cha bolti, jaza tundu la nati kutoka chini kwenda juu, kisha ukamilishe. Rodi ya milimita 2.5 inatosha, mashine ya waya ni rahisi zaidi.

Kama imekatikia ndani ya tundu, milimita 3 au 4 chini ya uso, na nyumba yake ni alumini, jenga matone ya chuma cha kuchomelea juu yake kimoja baada ya kingine mpaka ifike juu, ndipo uweke nati. Chuma kinachochomelewa hakishikamani na alumini, kwa hiyo tredi za alumini hubaki salama kuliko unavyodhani. Kwenye chuma cha kusubu ndipo uwe mwangalifu, kwani huko kinaweza kushika ukuta.

Baada ya kuchomelea, subiri wekundu uishe, nusu dakika hadi dakika moja, gusisha mshumaa, kisha tikisa kwa spana mbele na nyuma kwa upole. Nati ikikatika, weka nyingine. Mara ya tatu au ya nne ni jambo la kawaida, na kila mara joto linaingia ndani zaidi. Watu hushindwa hapa kwa sababu wanaacha baada ya nati ya kwanza.

Pasipo mashine ya kuchomelea, au mahali pasipofikika, toboa. Kila kitu kinategemea kuwa katikati. Sawazisha uso wa kipande kwa jiwe dogo la grenda, piga panchi, angalia kwa tochi ya mwanga kutoka pande mbili, na kama alama ya panchi imeenda pembeni, isukume kwa kupiga tena panchi ikiwa imelala. Bora zaidi, funga tena ile nyumba ya thamostati au manifoldi kwa bolti nyingine, ingiza kwenye tundu lake kibomba chenye unene wa nje unaojaa tundu hilo, nacho kitakuongozea biti. Kwa M8 pita na 3, kisha 5, mwisho 6.8. Mwendo wa drili uwe wa chini, mafuta yawepo, na biti iwe kali. Biti za kukata kinyume, zinazozunguka upande wa kufungua, ni bora: mara nyingi joto na mtikisiko vinaitoa bolti yenyewe kabla hujamaliza.

Ukiwa katikati kweli, baada ya 6.8 kinachobaki ni uzi mwembamba wa bolti ndani ya tredi, kama springi. Uvute kwa sindano ngumu, kisha pitisha tapu, kifaa cha kukatia tredi ndani ya tundu, ya M8 x 1.25 (namba ya pili ni hatua ya tredi, yaani umbali wa uzi hadi uzi kwa milimita) kwa mkono: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Kwa M6 x 1.0 biti ya mwisho ni 5.0, kwa M10 x 1.25, ambayo ndiyo ya magari mengi ya Kijapani, ni 8.8, kwa M10 x 1.5 ni 8.5. Hakikisha hatua ya tredi kwa kuilinganisha na bolti jirani kabla ya kushika tapu.

Kuna njia moja ya taratibu ambayo haina nguvu kabisa. Kama kipande kimebaki ndani ya kitu cha alumini kinachotoka kwenye gari, nyumba ya thamostati kwa mfano, kiweke ndani ya maji yaliyokolezwa shabu, ileile ya dukani, kwenye chombo kisicho cha chuma kinachokaa ndani ya maji ya moto. Shabu huila chuma polepole na kuiacha alumini. Huchukua saa nyingi, hata siku kadhaa, na kila kilicho cha chuma kwenye kifaa hicho kiondolewe kwanza. Ni nzuri hasa kwa tapu au kifaa cha kutolea kilichokatikia humo.

Bolti iliyokatika kwenye tundu la plagi ya joto ya dizeli au la injekta isitobolewe gereji. Vipande huangukia kwenye silinda. Hiyo hedi ishuke.

Tundu na bolti mpya

Tredi za alumini zikiwa zimekufa, usibane kwa bolti nene zaidi kabla ya kufikiria koili ya tredi, springi ya chuma inayoingizwa tunduni iwe tredi mpya. Kwa M6 toboa 6.3, kwa M8 toboa 8.3, kwa M10 x 1.25 toboa 10.3, kata kwa tapu inayokuja na seti yenyewe, ingiza koili mpaka iwe chini ya uso kwa robo au nusu mzunguko, vunja kiulimi chake uhakikishe kimetoka. Kwenye alumini chukua koili yenye urefu wa mara moja na nusu ya unene wa bolti. Koili iliyowekwa vizuri ina nguvu kuliko tredi za awali.

Puliza tundu kwa kompresa huku umevaa miwani. Tundu lililozibika chini lisibaki na mafuta wala maji: bolti inapokazwa hufanya kazi kama pistoni, na bloku inaweza kupasuka.

Weka bolti mpya ya daraja la nguvu la 8.8 au lile lililokuwepo, na upake tredi dawa ya kuzuia kushikana. Kwenye eksozi tumia yenye nikeli au shaba, grisi ya kawaida huungua. Vipimo vya kukaza vitoke kwenye kitabu cha gari. Pasipokuwepo, M6 nyutoni-mita 8 hadi 10, M8 20 hadi 25, M10 40 hadi 50, ukishika upande wa chini kwenye alumini. Tredi ikiwa na dawa, punguza takriban robo, kwani inateleza na bolti hukazika zaidi ya toki renchi, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, inavyosema. Manifoldi ya eksozi ikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili. Kabla ya kuifunga, iwekee rula bapa usoni: ikiwa imejikunja, bolti za mwisho kulia na kushoto zitakatika tena, kwa kuwa hizo ndizo zinazovutwa manifoldi inapotanuka, na hapo inabidi ikasawazishwe kwa mkerezaji kwanza.